Kusoma na Kupima
Maneno ya Katibu wa Chama Kikuu kwa wanachama na viongozi, siku ya sherehe ya mwaka wa kumi



Tumepewa nafasi ya kusema mbele yenu, nasi twashukuru kwa heshima hiyo, ingawa twajua ya kuwa wengi wenu mmetoka majumbani mwenu alfajiri, na harufu ya pilau imefika hapa mbele kabla ya maneno yetu. Desturi ya sherehe kama hii ni Katibu kusimama na kuhesabu mafanikio: ghala limejengwa, lori limenunuliwa, wanachama wameongezeka. Hayo yote yameandikwa katika kurasa za mwanzo za kitabu hiki cha ukumbusho, na picha zake zipo, kwa hiyo hatutayarudia.

Mwenyekiti alipotuita mwezi uliopita alituomba tuzungumze juu ya elimu ya mwanachama. Tulikubali upesi, maana juu ya elimu kila mtu ana la kusema. Lakini tulipokaa na kalamu tuligundua ya kuwa jambo tulilonalo moyoni si sifa za elimu, bali ni kasoro moja ya kusoma. Na kasoro hiyo tuliiona kwanza katika nafsi zetu sisi wenyewe tulio ofisini.

Wanachama wa siku nyingi wataukumbuka mwaka wa tatu wa Chama chetu. Mwaka ule tulipata kutoka kwa wataalamu wa kilimo maelezo ya kurasa nne juu ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaoshika maua ya mkorosho na kuyakausha kabla hayajafunga tunda. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ulitambuliwa katika nchi yetu mwaka 1979, nao ni mmoja wa maadui walioifikisha korosho ya Tanzania mahali pabaya. Kwani nchi iliyovuna tani zaidi ya 140,000 katika msimu wa 1973/74 ilijikuta katika msimu wa 1986/87 ikipata chini ya tani 20,000. Bei ndogo ilichangia, na kuwahamishia watu katika vijiji vilivyokuwa mbali na mikorosho yao kulichangia pia. Lakini ubwiriunga ulimkuta mgonjwa kitandani ukamwongezea homa. Dawa yake iliyozoeleka ni salfa ya unga, ambayo hupulizwa alfajiri, umande ungali juu ya majani na upepo haujaamka, ipate kushika.

Sisi tuliona kurasa nne ni nyingi. Tukazifupisha ziwe ukurasa mmoja, tukachapa nakala, tukazipeleka kwa kila chama cha msingi, na makatibu wakazisoma kwa sauti mbele ya wanachama. Zilisomwa vizuri sana. Tulipopita vijijini tulikuta watu wanaweza kuisema karatasi ile kwa moyo kama sala: puliza alfajiri, usipulize wakati wa upepo, funika pua na mdomo, anza juma la tatu la Juni. Tukarudi ofisini tumefurahi, tukaandika katika taarifa ya mwezi ya kwamba elimu ya salfa imewafikia wanachama wote.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema, na mikorosho mingi ikaanza kutoa maua mwishoni mwa Mei. Watu waliyaona maua hayo kwa macho yao. Salfa ilikuwa ghalani. Mashine za kupulizia zilikuwa zimetengenezwa. Lakini karatasi ilisema juma la tatu la Juni, nao wakangoja. Wengine walikwenda kwa makatibu wao kuuliza, makatibu wakaifungua karatasi, wakaisoma tena, wakajibu: "Bado." Juma lenyewe lilipofika, ubwiriunga ulikuwa umekwisha kuitangulia salfa mashambani. Chama kimoja cha msingi kilichokuwa kimekusanya magunia 1,100 msimu uliotangulia kilipata 640. Hatusemi ya kwamba hasara yote ilitokana na karatasi ile, kwa maana palikuwa na mashamba yasiyopaliliwa pia. Lakini hatuwezi kusema ya kwamba haikutokana nayo.

Baada ya msimu tuliyatoa kabatini yale maelezo ya kurasa nne, tukayasoma upya kwa moyo mzito. Katika ukurasa wa pili, baada tu ya tarehe ile, palikuwa na maneno yaliyosema ya kwamba mkulima aanze mapema zaidi akiona maua ya kwanza yametoka. Sentensi hiyo tuliikata sisi, kwa mkono wetu wenyewe, ili ukurasa mmoja utoshe. Jambo hili hatujapata kulisema mbele ya mkutano mpaka leo.

Sasa angalieni vizuri makosa yalivyokuwa, kwa sababu si kosa moja. Kosa la kwanza ni letu la kukata. Lakini baada yetu karatasi ile ilipita katika mikono ya makatibu wote wa vyama vya msingi, na masikio ya mamia ya watu waliolima mikorosho tangu utoto wao, na katika hao wote hakuna aliyesimama akauliza: kwa nini tarehe? Mti nao umeambiwa tarehe hiyo? Swali hilo halihitaji cheti. Mtoto achungaye mbuzi angeweza kuliuliza. Halikuulizwa kwa sababu jambo lilikuwa limeandikwa, lina muhuri juu na sahihi chini, na wengi wetu tumefundishwa tangu darasa la kwanza ya kwamba kilichoandikwa husomwa, hakihojiwi.

Katika chama kile kile palikuwa na bibi mmoja, mwenye mikorosho arobaini hivi, asiyejua kusoma hata jina lake. Yeye alipuliza siku ya pili baada ya kuona maua, akarudia tena baada ya siku kumi na nne, akapata mavuno yake kama kawaida. Tulikwenda kumwuliza kwa nini hakungoja. Akatutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alikimbia mvua. "Mjukuu wangu," akasema, "maua yalitoka. Nilikuwa na mfuko wa salfa wa mwaka jana. Ningengoja nini?"

Twaona baadhi ya wazee wanatabasamu, na mmoja pale nyuma amemgusa mwenzake kwa kiwiko. Ngojeni kidogo, wazee wetu. Bibi huyu huyu, miaka miwili kabla ya hapo, alitia dole gumba katika karatasi aliyoambiwa ni hati ya mkopo mdogo wa kununulia chakula cha masika. Karatasi hiyo kwa kweli ilikuwa ni mapatano ya kumwuzia mtu mmoja korosho zake zote za msimu, kwa bei iliyopangwa maua yangali hayajatoka, na kwa kipimo cha kangomba, ambacho ninyi mwakijua na sisi hatuna haja ya kukieleza. Alilia mbele yetu akiulizia kama dole linaweza kufutwa. Basi asitumie mtu mfano wake kumzuia mtoto asiende shule. Bibi alijua kuusoma mti, asijue kuisoma karatasi. Sisi tulijua kuisoma karatasi, tusiusome mti. Na pande zote mbili tulipoteza korosho.

Kwa nini tuliosoma tuliingia katika kosa lile? Tutajisema wenyewe, maana hapo ndipo tunapojua. Sisi tulimaliza kidato cha nne. Katika somo la elimu ya viumbe tulijifunza ua, tukalichora, tukaandika majina ya sehemu zake kwa mishale, na mwalimu alitupa alama nzuri. Miaka michache baadaye, tukiwa tumekwisha kuajiriwa na Chama, mkulima mmoja alituuliza kwa nini kishada cha mkorosho kina maua mengi na korosho chache. Tulibabaika. Jibu tulikuwa nalo daftarini tangu shuleni: ya kwamba yapo maua ya kiume matupu, na yapo yenye sehemu zote mbili, na ni haya ya pili tu yawezayo kufunga tunda. Katika mkorosho aina zote mbili hukaa katika kishada kimoja, na za kiume ndizo nyingi. Hata hivyo hatukupata kufikiri ya kwamba ua lile la ubaoni na ua hili lililo juu ya kichwa cha mkulima ni jambo moja. Tulikuwa tumekariri. Kukariri ni kuazima sauti ya mwingine; mtihani ukiisha, sauti hurudi kwa mwenyewe.

Wala msidhani ya kwamba ugonjwa huu ni wa makatibu na wakulima tu. Umepata kuwashika watu wakubwa, wenye shahada na hazina ya dola nyuma yao, na alama za miguu yao zipo katika mikoa yetu hii ya kusini. Aliyefika Nachingwea amekanyaga mahali palipokusudiwa kuwa shamba la karanga lisilo na kifani duniani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wakaletwa wataalamu watatu wakiongozwa na Bwana John Wakefield, aliyekuwa amepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Wakazunguka kwa muda wa majuma tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, wakaandika mpango. Mpango ulikuwa mzuri kuusoma. Ulisema ya kwamba zitalimwa ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, mengi yake yakiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hesabu zilijumlishwa na kutoa jibu sahihi, na Bunge la Uingereza likasomewa.

Lakini hesabu sahihi juu ya karatasi si mvua. Kule Kongwa, mahali pa kwanza kulimwa, udongo una mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali, hata karanga zilizofungwa ardhini hazikung'oleka. Mvua ya pale haiaminiki, na Wagogo wenyeji walikuwa wamekufa njaa mara nyingi kiasi cha kulijua jambo hilo bila chombo cha kupimia. Vichaka vilivunja matrekta. Wakaleta vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, navyo vikashindwa. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Januari 1951 mpango ukatangazwa kuwa umekwisha, na pauni zipatazo milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikafutwa vitabuni. Huku kwetu iliachwa bandari ya Mtwara, ambayo yatufaa mpaka leo kwa korosho zetu, na reli ya kwenda Nachingwea, ambayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa.

Wale mabwana hawakuwa wajinga, na kwa maoni yetu hawakuwa wezi. Walikuwa wasomaji waliosoma mpango wao mara nyingi mno, hata ukawa kweli kwao kuliko ardhi. Walipima juu ya karatasi kwanza, na ardhi wakaipima baadaye kwa majembe, wakati fedha zilikuwa zimekwisha kutoka. Tofauti yao na sisi tuliokata sentensi moja ya salfa ni ukubwa wa fungu tu.

Turudi nyumbani, kwa maana lipo jambo la pili la kukiri, nalo linawahusu wajumbe wenzetu kama linavyotuhusu sisi. Katika mwaka wa sita tulisoma taarifa ya vifaa mbele ya Mkutano Mkuu. Tuliisoma kwa sauti nzuri, tena baadhi yenu mlitusifu. Ilisema: magunia matupu yaliyopokelewa, 12,000, yaliyotolewa kwa vyama vya msingi, 9,400, salio ghalani, 1,600. Nakala zilikuwa mikononi mwa wajumbe wote. Mwenyekiti wa wakati ule akauliza kama taarifa inapokelewa, mikono ikanyoshwa, makofi yakapigwa, tukaingia katika ajenda iliyofuata.

Kaeni na hesabu hiyo kidogo. Twaona midomo inatembea hapo mbele. Ndiyo: elfu kumi na mbili, toa elfu tisa na mia nne, husalia elfu mbili na mia sita. Magunia elfu moja yalipita mbele ya macho ya mkutano mzima, katika mwanga wa mchana, yakiwa yamepigwa chapa kwa herufi nyeusi, na hapana aliyeyaona. Sisi tuliosoma kwa sauti hatukuyaona. Wazee wetu walisema ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na habari ilikuwa imeandikwa humo. Kilichokosekana ni mtu wa kutoa hesabu ya darasa la tatu.

Aliyeyaona ni mwanachama mmoja, mwenye elimu ya darasa la saba, ambaye alichukua nakala yake akaenda nayo nyumbani na kukaa nayo usiku pamoja na daftari lake mwenyewe la mazao. Majuma mawili baadaye alifika ofisini kwa adabu zote, akasalimu, akakataa kiti, akasema: "Ndugu Katibu, mimi labda sikuelewa. Magunia haya elfu yamewekwa wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulipofuatilia, mia saba yalionekana katika stoo ya chama kimoja cha msingi, yakiwa yamepelekwa bila hati. Mia tatu hayakuonekana mpaka leo, na aliyekuwa mtunza ghala aliyalipa kwa kukatwa mshahara.

Na hapa tuseme wazi mbele ya viongozi wenzetu, hata kama baadhi hawatapenda. Mwanachama yule alitueleza ya kwamba alikuwa ameliona kosa pale pale mkutanoni. Hakuuliza, kwa sababu mwaka mmoja kabla ya hapo alipata kuuliza juu ya makato ya usafirishaji, akaambiwa mbele za watu ya kwamba anavuruga mkutano, na tangu siku ile kijijini kwake aliitwa mkorofi. Basi tusiwalaumu wanachama kwa kusoma bila kuhoji, ikiwa sisi wenyewe tumewafundisha ya kwamba kuhoji kuna gharama. Twagawa karatasi, twawahimiza watu wasome, kisha twamkasirikia aliyesoma. Tukifanya hivyo, afadhali tusigawe karatasi, tuokoe wino.

Kusoma kwenyewe nchi yetu imekugharimia sana. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha ya kuwa watu wazima wapatao wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miembe, katika makanisa na misikiti, na kufika mwaka 1986 taifa lilihesabu karibu watu wazima tisa katika kila kumi wanaojua kusoma. Wazee mlio hapa mlikuwa katika madarasa hayo, wengine kama wanafunzi na wengine kama walimu wa kujitolea. Nadhani mtakumbuka pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi kwa muda wa majuma kumi na mawili, wakiwa na kijitabu na redio. Jambo la kupendeza katika kampeni ile si wingi wa watu. Ni utaratibu wake: baada ya kusikiliza redio na kusoma kijitabu, kikundi kilijadili kama maneno yale ni ya kweli kwa kijiji chao, kisha kikaamua kazi ya kufanya. Ukisoma juu ya choo, jembe lipo mlangoni. Ukisoma juu ya mbu, mwafyeka majani na kufukia madimbwi. Somo lililopita bila kazi lilihesabiwa kuwa halijaisha.

Na ushirika wenyewe ulizaliwa katika kusoma kwa namna hiyo. Wale waanzilishi 28 wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, hawakufungua duka kwa sababu walisoma kitabu kizuri. Walikuwa wafumaji na mafundi waliouziwa unga uliochanganywa na vitu visivyo unga, kwa mizani isiyo ya haki. Baadaye waliweka chumba cha kusomea juu ya duka lao, na wakatenga asilimia mbili na nusu ya ziada kwa ajili ya elimu. Lakini duka lilikuwa chini ya chumba kile, na aliyesoma habari za bei aliteremka ngazi akaikuta bei. Hapa kwetu nako, wakulima wa pamba wa upande wa Ziwa Victoria, mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipoona wanapunjwa katika mizani za wanunuzi, waliweka wapimaji wao wenyewe wapime pamba upya kabla haijauzwa. Kutoka katika kazi hiyo ndogo ya kuisoma mizani mara ya pili vilikua vyama vyao, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vikuu vya kanda ile chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani, likawa kubwa kati ya yote ya Afrika. Hawakuwaambia wakulima, "Aminini mizani." Wala hawakuwaambia, "Ivunjeni." Waliwaambia waipime.

Chukueni stakabadhi mnazopewa siku ya kupima korosho. Wengi wenu mwatazama namba moja tu, ile ya chini, kisha mwaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Tufanye mfano. Mwanachama ameleta magunia manane, mizani imeonyesha kilo 648. Gunia tupu la katani au juti huwa na uzito wa karibu kilo moja; kwa hiyo hutolewa kilo nane, zikabaki kilo 640 za korosho. Hayo ni haki. Lakini ikiwa karani, kwa haraka au kwa sababu nyingine, ametoa kilo mbili kwa kila gunia, mwanachama amebakiwa na kilo 632. Kama bei baada ya makato ni shilingi 2,300 kwa kilo, amepoteza shilingi 18,400 kwa mstari mmoja wa kalamu, na stakabadhi yake haina kosa lolote la kujumlisha. Ukiisoma utaikuta imekaa sawa. Ni mpaka uliweke gunia tupu juu ya mizani ndipo utakapoona ya kwamba karatasi haikusema kweli. Hakuna kitabu kitakachokufanyia kazi hiyo.

Kwa hiyo tumepeleka shauri katika Bodi, nayo imelikubali kabla ya msimu ujao. Kila maelezo ya kilimo yatakayotoka ofisini kwetu yatatoka kamili, kurasa zake zote, hata zikiwa kumi. Na hayatasomwa ofisini wala chini ya mti wa mikutano, bali katika shamba la mwanachama mmoja, mmea wenyewe ukiwepo. Msomaji akimaliza, wenye shamba wataulizwa: je, ndivyo ilivyo hapa? Wakisema sivyo, jibu lao litaandikwa na kurudishwa kwa wataalamu, ambao, tunavyowajua, wengi hufurahi kuulizwa kuliko tunavyofikiri. Na katika Mkutano Mkuu taarifa ya hesabu itagawiwa siku kumi na nne kabla, wala haitapokelewa kwa makofi mpaka wajumbe watatu wasio wa Bodi wamekwisha kuikokotoa ubaoni mbele ya wote. Makatibu wenzetu wamelalamika ya kwamba mikutano itakuwa mirefu. Ni kweli, itakuwa mirefu. Na sisi tutakosolewa mara nyingi zaidi kuliko tulivyozoea. Hilo nalo hatujui kama tutalipenda, lakini magunia mia tatu yametufunza kulivumilia.

Tumesema vya kutosha, na wapishi wanatuashiria. Kabla hamjatawanyika, tazameni hapo nje, chini ya mwembe. Mizani ya ghala imewekwa hapo pamoja na mawe ya kupimia yaliyopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Kando yake yapo magunia matano ya korosho, na uzito wa kila moja umeandikwa ubaoni kwa chokaa. Namba nne kati ya hizo ni za kweli. Moja tumeiandika uongo kwa makusudi, na hata makarani wetu hawajaambiwa ni ipi. Mwenyekiti ametukubalia ya kwamba sufuria za pilau hazitafunuliwa mpaka wanachama wamelipata gunia hilo na kutuandikia uzito wake wa haki. Wazee watangulie, na mwenye daftari aje nalo.